Asilimia Kumi na Nane

Marrawilla,
Jumapili, 12 Agosti 1984

Dada yangu mpendwa Glenys,

Pokea salamu zangu kutoka huku kaskazini, wewe pamoja na shemeji Erwin. Natumaini baridi ya mwaka huu haijawa kali huko kwenu, na kwamba kifua cha shemeji kimepata nafuu tangu alipobadilishiwa dawa. Mimi ni mzima. Goti langu la kushoto linauma ninapopanda ngazi za ofisi, lakini ngazi zenyewe ni sita tu. Alfajiri hizi tunakuta barafu nyembamba kwenye vioo vya magari, na mchana jua linawaka kama kawaida. Kaburini nilifika juzi. Ule mche ulioupanda haukushika, mbuzi wa jirani waliumaliza. Nimezungushia waya na nitapanda mwingine mwezi ujao.

Barua yako ya Juni niliipata. Niwie radhi, nimekaa nayo wiki saba bila kujibu. Uliniuliza jambo moja tu: kwa nini Rohan aliacha madumu mawili ya petroli nyuma ya karakana siku ile. Ulisema mwanamke mmoja aliyehamia huko kutoka hapa alikuambia kanisani, mbele ya watu, kwamba mwanao alikufa kwa ujinga wake, na kwamba mahali pa petroli alipakia bia. Ukasema ripoti ya uchunguzi wa kifo nayo imeandika "uzembe wa dereva", na huwezi kulala na maneno hayo. Ukamalizia: "Wewe ndiye mwandishi wa habari, Lyall. Miaka thelathini umekuwa ukiwauliza watu maswali. Niulizie na hili."

Nimeuliza. Nimeifanya kazi hiyo kama ninavyofanya kazi nyingine yoyote, na nitakueleza nilichokipata kwa mpangilio wa jinsi mambo yalivyotokea.

Jambo la kwanza ni desturi ya gari la posta, ambayo unaijua lakini yule mwanamke hakuijali. Kila Jumanne gari linatoka hapa na barua, mikate, dawa na vipuri, linapita ranchi tano, na kulala kwa Bibi Hesba Rumbelow, mwisho wa njia, kilomita mia tatu na kumi. Jumatano linarudi. Petroli ya kwenda na kurudi linabeba lenyewe. Ranchi zinaletewa petroli mara moja kila miezi mitatu, na dereva wa posta anayeomba ya wenye ranchi huchekwa njia nzima mpaka astaafu. Marehemu mzee Pascoe aliwahi kuomba lita tano mwaka 1961, na kwenye mazishi yake bado mtu alilitaja. Kwa hiyo Rohan alikuwa akijaza tangi, lita tisini, na kuongeza madumu manne ya lita ishirini. Jumla lita mia moja na sabini. Gari lake lilikula lita ishirini kwa kila kilomita mia, yaani mia moja ishirini na nne kwa safari nzima. Zilizobaki zilikuwa akiba ya tope, mchanga na balaa.

Jambo la pili ni Zefrol. Septemba iliyopita, siku ya maonyesho ya kondoo, alifika hapa bwana mmoja kutoka Adelaide aitwaye Garth Ollerenshaw, akapanga meza yake katikati ya wauza keki na wanoa mikasi. Alikuwa akiuza bomba fupi la chuma lenye sumaku mbili ndani, linalofungwa kwenye mrija wa petroli. Alisema sumaku hiyo inapanga petroli vizuri kabla haijaingia kwenye injini, hivyo inaungua yote bila kupotea. Alijua kuongea. Nilimsikia akiwaambia wake wa wafugaji, "Kina mama, mume akikataa kuinunua, mfungeni yeye kwenye mrija, huenda naye akapunguza kunywa." Watu walicheka, na watu wakicheka wanafungua pochi.

Wim Hoekstra, fundi wetu, alisimama pale mikono mfukoni. Alipoulizwa na Rohan anaonaje, alimwambia, "Kijana, kama sumaku ingepunguza petroli, wenye kiwanda wangeifunga tangu gari likiwa jipya. Wale ni wezi, lakini si wajinga." Rohan alimjibu kwamba watu walisema hivyo hivyo kuhusu matrekta. Hata hivyo hakununua siku hiyo. Alikuja ofisini kwangu, akakaa juu ya meza yangu kama alivyozoea, akaniomba nikijaribu kidude hicho gazetini. Alisema watu wakisikia kwa Ollerenshaw watasema ni mchuuzi, na wakisikia kwa Wim watasema ni mbishi, lakini wakisoma kwangu watajua. Alinitania pia: "Mjomba, wewe hata mvua ikinyesha unataka mashahidi wawili."

Tulijaribu Jumamosi, tarehe 8 Oktoba, mimi na yeye, kwa gari langu na kidude nilichokinunua. Tulijaza tangi mpaka shingoni, tukaenda hadi kwenye lango la ranchi ya Coondabri, tukapima kilichotumika kwa kujaza tena kwa kopo la vipimo. Zefrol ilipunguza petroli kwa asilimia kumi na tisa ikilinganishwa na ninavyotumia siku zote. Rohan alifurahi kama mtu aliyeshinda mbio. Mimi nilimwambia safari moja si ushahidi. Siku hiyo upepo ulikuwa ukitusukuma kwa nyuma, na tulikuwa tumefuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno. Karatasi hiyo ilisema: safisha chujio la hewa, badilisha plagi, jaza matairi upepo mpaka yawe magumu, usizidishe kilomita themanini kwa saa. Mtu akifanya hayo manne ataokoa petroli hata akifunga kijiko kwenye mrija. Tulikubaliana kwamba Jumamosi iliyofuata nitakwenda tena peke yangu, kwenda na kurudi ili upepo usipendelee upande mmoja, mara moja na kidude na mara moja bila kidude.

Gazeti la tarehe 20 Oktoba liliandika kwamba mwandishi wetu amekijaribu kifaa hicho katika safari mbili tofauti, na kwa wastani kimeokoa asilimia kumi na nane. Kufikia Krismasi magari arobaini na matatu ya wilaya hii yalikuwa yamefungwa Zefrol. Rohan alikuwa wa kwanza.

Sasa siku yenyewe. Jumanne, tarehe 17 Januari, zilikuwepo kreti mbili za ziada kwenye mzigo. Nimeiona orodha ya posta, na nimezungumza na mwalimu wa shule ya redio, ile inayowafundisha watoto wa ranchi kwa redio, aliyezifunga kwa mikono yake. Zilikuwa za vitabu na masomo ya muhula mpya, kwa watoto wanne wa ranchi mbili za mwisho. Zingeweza kusubiri wiki moja, lakini mwalimu alimwambia Rohan kwamba mtoto mmoja alikuwa akiuliza redioni kila asubuhi kama vitabu vyake vimefika. Hiyo ndiyo bia wanayoisema. Tangu Oktoba alikuwa akiacha dumu moja nyuma ya karakana. Asubuhi hiyo aliacha la pili, ili kreti zipate nafasi. Alitoka na lita mia moja na thelathini.

Alifika kwa Bibi Hesba jioni bila tatizo. Mwezi uliopita nilikwenda huko nikalala siku mbili. Bibi ana miaka themanini na moja na bado anachinja kondoo mwenyewe. Alinieleza kwamba Jumatano asubuhi mawingu yalikuwa meusi upande wa kusini, na alimwambia Rohan achukue dumu moja kwenye ghala lake, asilete ubishi. Rohan alicheka, akasema siku gari la posta litakapoomba petroli, mbwa wa kila ranchi watambwekea kwa jina. Bibi alimwambia afadhali kubwekewa na mbwa kuliko kuliwa na kunguru. Akamwambia tena, kwa mara ya pili. Hapo Rohan akamfanyia hesabu kwa kidole kwenye vumbi la boneti, akamwonyesha kwamba petroli aliyonayo inatosha na kubaki. Bibi Hesba hakusoma sana, lakini anakumbuka alichosema: "Hesabu hii si yangu, Bibi, imepimwa."

Mvua ilikuwa imeshaijaza mito. Njia ya chini ilikuwa imefungwa, akalazimika kurudi kwa njia ya juu, kwenye matuta ya mchanga, ambayo ni ndefu zaidi kwa kilomita sitini. Mchangani lazima upunguze upepo kwenye matairi, la sivyo unazama. Tairi laini kwenye mchanga laini hula petroli karibu mara mbili. Kilomita mia moja na kumi za mchanga zilimaliza lita arobaini, nazo ziliichemsha injini mara mbili, akaipa sehemu ya maji yake ya kunywa. Gari lilizima Jumatano alasiri, kilomita mia moja na tano kabla ya kufika hapa na kilomita kumi na moja kutoka nyumba ya Coondabri. Angekuwa na yale madumu mawili, angefika nyumbani na lita kumi na tisa zikiwa bado zinacheza ndani ya tangi.

Wanasema aliacha gari, na kila mtoto huku hufundishwa kwamba gari haliachwi. Hilo nalo nimelichunguza. Alikaa na gari Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Alilifunga turubai likatoa kivuli. Aliita redioni kila saa, lakini ngurumo zilikuwa zimejaa masafa yote, na mpokeaji alisikia vipande tu ambavyo havikuwa na maana. Huku mjini sisi tuliposikia njia imefungwa tulisema yuko salama kwa Bibi Hesba, anakula nyama. Bibi Hesba alisema yuko salama mjini. Hakuna aliyemtafuta. Jumamosi alfajiri alikuwa na lita nne za maji. Aliacha maandishi kwenye usukani: saa aliyoondoka, upande anaokwenda, maji aliyonayo, kama inavyotakiwa. Mchana huo joto lilifika nyuzi arobaini na sita. Alitembea kilomita nane. Clem Vasey wa Coondabri alimkuta Jumapili, ameketi, kofia kichwani, chupa tupu ikiwa imefungwa kifuniko.

Glenys, mwanao hakuwa mzembe. Alifanya kila kitu ambacho mtu mwenye akili angefanya kwa hesabu aliyokuwa nayo. Hesabu ndiyo iliyokuwa mbaya.

Mwezi Juni, baada ya barua yako, nilimwomba Wim anisaidie. Tulikwenda Coondabri mara nne, kwenda na kurudi, gari lile lile, matairi yale yale, mwendo ule ule, mara mbili tukiwa na Zefrol na mara mbili bila. Bila Zefrol: lita 15.8 na 16.1 kwa kilomita mia. Na Zefrol: lita 16.0 na 15.9. Hakuna tofauti. Kisha Wim akakikata kidude kwa msumeno mbele yangu. Ndani mlikuwa na sumaku mbili za kufungia milango ya makabati na gundi. Wim hakuniambia kwamba alitangulia kusema. Aliniuliza tu, huku akifuta msumeno, "Ile safari yako ya pili mwaka jana, ulipita njia gani?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Haikuwepo. Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba nilikuwa nyumbani, nimevua viatu, nasikiliza kriketi redioni. Sikuwa mgonjwa, na hakuna aliyenipa chochote. Nilijiambia nitakwenda Jumapili, na Jumapili nikajiambia jambo lenyewe ni dogo. Jumatano ukurasa wa tatu ulikuwa mtupu na mtambo ukisubiri. Niliandika "safari mbili". Ya pili niliipa asilimia kumi na saba, kwa sababu kumi na tisa mara mbili ingeonekana kama ya kutungwa. Miaka thelathini ya kazi imenifundisha jinsi ukweli unavyoonekana, nikatumia ujuzi huo.

Ingekuwa hayo tu, ningeweza kusema sikujua. Lakini Jumanne ile ya Januari, saa moja asubuhi, Rohan alisimamisha gari mbele ya ofisi akiwa bado anapakia. Aliingia na orodha mkononi, hakukaa juu ya meza.

"Mjomba," aliniambia, "mimi hiyo kumi na nane siipati. Napata saba, nane. Nataka kuacha dumu la pili leo, kwa ajili ya vitabu vya wale watoto. Ile safari ya pili, uliyokwenda peke yako, ilikuwa kweli kumi na saba?"

Nilikuwa nasahihisha matangazo ya vifo. Niliinua macho nikamtazama, Glenys, sikusema huku nimeangalia karatasi.

"Kweli," nikamwambia. "Labda mguu wako ni mzito."

Alicheka. Alisema mama yake naye humwambia hivyo hivyo. Akatoka, nikamsikia akishusha dumu kulipeleka nyuma ya karakana ya jirani.

Nilikuwa na nafasi ya neno moja. Ningesema "sikwenda", angenitukana, angenicheka mwaka mzima, na angebeba petroli yake. Mwezi Mei nilisimama mbele ya hakimu wa uchunguzi nikaulizwa kama gazeti langu liliandika habari za kifaa hicho. Nikasema ndiyo. Nikaulizwa kama niliamini nilichoandika. Nikasema ndiyo. Hakuna aliyeniuliza nilisafiri mara ngapi, nami nikashuka. Wiki ile ile waliandika neno "uzembe" kando ya jina la mwanao, na mimi ndiye niliyelichapa gazetini, herufi kwa herufi.

Juzi Ijumaa nilimpelekea hakimu maelezo yangu ya kiapo, kurasa nne. Karani wake amenipigia simu, anasema uchunguzi utafunguliwa upya na nawe utaandikiwa. Alhamisi hii, tarehe 16, gazeti litachapisha habari hii ukurasa wa kwanza, kwa jina langu, pamoja na matokeo ya Wim na orodha ya kilichokuwa kwenye kreti. Ni toleo langu la mwisho. Baada ya hapo mtu mwingine ataketi kwenye meza hii. Sikutaka uyasome huko kabla hujayapata kwangu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi ambayo ni yako. Sajini alinipa mimi mwezi Januari kwa sababu ilinitaja, akaniomba nikufikishie. Nimekaa nayo miezi saba kwenye droo. Ni nyuma ya risiti ya posta. Rohan aliiandika Ijumaa, akiwa chini ya turubai. Utaona amefanya hesabu ya petroli mara tatu, kwa penseli, kila mara upya, na kila mara amepata kwamba gari lilipaswa kuwa limefika nyumbani. Amechora mrija wa petroli na kuandika kwamba ameingia chini ya gari mara mbili kutafuta mahali panapovuja, hakuona. Chini kabisa ameandika: "Nimekosea mahali, sijui wapi. Mpeni Mjomba, yeye ataona."

Sikuombi unisamehe, wala sikuombi unijibu. Treni ya Jumamosi inafika kwenu saa nane mchana, nami nitakuwemo. Nitatembea kutoka stesheni hadi kwenye geti lako na kusimama hapo. Ukitaka kutoka, utatoka. Usipotaka, kuna treni ya kurudi saa kumi na moja.

Mfikishie shemeji Erwin salamu zangu, na umsomee barua hii yote, usimpunguzie. Wasalimie majirani waliokaa nawe siku za msiba. Mungu awape afya nyote wawili.

Ni mimi mdogo wako,

Lyall Tregenza